Msaada: kung'oa mlingoti wa mashua ya zamani bila winchi, na nini cha kukagua ukishatoka

#1 Mjukuu_wa_Nahodha (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Naombeni msaada wa watu wa bahari. Babu mzaa mama alifariki mwaka juzi akaacha mashua yake hapa Pangani, ng'ambo ya mto upande wa Bweni. Urefu futi 30, mbao za mvule, mataruma (mbavu) ya mwembe, mlingoti mmoja wa mvinje kama futi 22. Mama anasema ilishushwa majini mwaka aliozaliwa kaka yangu, 1988. Imebeba nazi, chokaa, mbuzi, wagonjwa usiku wa masika, na maiti mara mbili kupelekwa kuzikwa kwao. Mimi nilishika kana, mkono wa usukani, wa hiyo mashua nikiwa na miaka 9, mkono wa babu juu ya wangu.

Tangu aondoke imefungwa kwenye mikoko ndani ya mto, imefunikwa turubai. Nataka irudi kazini kaskazi ijayo. Shida ni kwamba mlingoti umeanza kucheza. Ukiusukuma kwa bega unasikia kitu kinasaga kule chini, na kwenye mwashiri, pale kitako kinapokaa, kuna maji meusi yasiyokauka hata jua liwake wiki nzima.

Fundi mmoja kaniambia nimwage saruji kuzunguka kitako, mlingoti utatulia. Mwingine kasema lazima ung'olewe. Winchi hapa hakuna, na sitaki kuua mtu. Nifanyeje? Na ukishatoka nitazame nini?

#2 Baharia_Mstaafu

Saruji usiguse. Narudia, usiguse. Nilishaona jahazi Tanga waliloliziba hivyo, saruji ikashika maji ndani kama chungu, na mwaka uliofuata mlingoti ukaanguka tanga likiwa juu. Bahati watu waliruka.

Ng'oa.

#3 Fundi_Nungwi

Mjukuu, pole kwa msiba wa mzee, Mungu amrehemu.

Mlingoti wa futi 22 si wa kuogopa, ni wa kuheshimu. Kazi hii baba zetu waliifanya kwa kamba na miti tu. Nitakueleza tunavyofanya sisi, na wa Kilwa na Lamu watasahihisha kwa kwao.

Kwanza pandisha chombo pwani kwenye kilele cha bamvua, maji makubwa. Huku kwetu maji ya bamvua hujaa kuanzia mida ya saa 10, alfajiri na jioni, kwa hiyo tumia ya jioni uwe na mwanga wa kukiweka sawa. Kiegemeze kwa miti pande zote mbili kisimame wima kabisa, maana chombo kilicholala upande mlingoti hautoki, unabana. Bamvua likishapita, maji mafu hayatakufikia. Una siku kama 12 za kufanya kazi kabla maji hayajarudi.

Pili vua vitu. Shusha foromali (mti unaobeba tanga) na tanga, toa jarari ya kuipandishia, toa hamrawi, kamba ya kuizuia. Kila kamba ifunge kitambaa cha rangi yake, au andika. Usiseme utakumbuka.

Tatu, na hapa vijana wengi hukosea. Kabla hujalegeza chochote piga alama ya patasi kwenye mlingoti, usawa wa ile boriti ya kukingama inayoushika, upande unaotazama omo, yaani mbele ya chombo. Mlingoti wetu umelala kidogo kuelekea omo na kitako chake kimechongwa kufuata ulalo huo. Ukiurudisha umegeuka hata vidole vitatu hautakaa, utautafuna mwashiri mpya wote.

Halafu miti. Unahitaji nguzo mbili za futi 18, zilizonyooka, zisizo na ufa. Zifunge vichwa kwa kamba nene zipishane kama mkasi, miguu isimame ndani ya chombo, mmoja kulia na mmoja kushoto kwa mlingoti, juu ya ubao mnene uliolazwa juu ya mataruma. Usisimamishe mguu kwenye ubao wa chombo penyewe, utautoboa. Funga miguu kwa kamba isitanuke. Kamba moja itoke kichwani kwenda omo na nyingine kwenda tezi (nyuma), zishikwe na watu wanaosikiliza. Hapo kwenye mkasi ndipo pa kutundika kapi.

Mlingoti ufunge juu ya kiini cha uzito wake. Mti huwa mzito chini, kwa hiyo kwa futi 22 kiini kitakuwa kama futi 10 kutoka kitakoni, nawe funga futi 12 au 13. Ukifunga chini ya kiini, kichwa kitapinduka na hapo ndipo watu wanapoumia. Na kitako nacho kifungwe kamba yake, ashike mtu mmoja mzima wa akili, kwa sababu kikichomoka kwenye mwashiri hurusha teke.

Gonga kabari zitoke, fungua kamba za kwenye boriti, vuta taratibu. Ukiisha kupanda futi mbili, acha kichwa kilale kuelekea tezi. Mtu asikae chini yake hata kwa sekunde moja. Hata kuokota nyundo.

#4 Mzee_wa_Kilwa

Fundi kasema yote. Nyongeza ndogo: tazama hiyo boriti ya kukingama. Kama mlingoti umepita kwenye tundu, utainua hizo futi mbili. Lakini mashua nyingi za kusini mlingoti umefungwa ubavuni mwa boriti kwa kamba tu. Ikiwa hivyo ukifungua kamba unainua shibiri moja tu, kitako kinatoka, unaulaza. Watu wanane wanatosha, nguzo zinakuwa za usalama.

Na nguzo azima, usikate. Mikoko yetu ni misitu ya hifadhi, kuikata kunataka kibali cha TFS, wakala wa misitu.

#5 Binti_Mbao

Habari za humu. Mimi si baharia, nilisoma mambo ya misitu na mbao chuo kikuu cha SUA Morogoro, lakini nimekulia Mkwaja, kwa hiyo vyombo navijua kwa macho.

Nimepiga hesabu ya uzito mjue mnachoinua. Mvinje ni mti mzito. Kama mlingoti una unene wa sentimita 18 chini na 12 juu, kwa urefu wa mita 6.7, unapata kama kilo 100. Ukiwa umenywa maji, zaidi. Kapi na kamba viwe vya kubeba mara kadhaa ya huo.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni hayo maji meusi. Hayo si ya bahari. Ni ya mvua. Yanateremka na mlingoti wenyewe, yanaingia kwenye mwashiri, hayana pa kutokea. Watu wetu wanaogopa maji ya chumvi, kumbe kinachoozesha mbao ni ukungu, na ukungu unataka mbao iliyolowa maji matamu. Mbao iliyokauka chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi. Iliyolowa chumvi huoza kwa shida sana. Iliyolowa mvua, ikafunikwa, ikakosa upepo, hiyo ndiyo inayokwisha. Turubai ulilofunika limeleta hasara kuliko faida kama limegusa mbao na kufunga pande zote.

Kwenye kitako tazama mwisho wa mti, pale ulipokatwa. Mishipa ya mti iko wazi hapo, inanyonya maji kama mrija.

#6 Mjukuu_wa_Nahodha

Dada, umenitisha. Turubai limefungwa mpaka chini, miaka miwili. Nilidhani nailinda.

#7 Binti_Mbao

Usijilaumu, karibu kila mtu hufanya hivyo. Leo hii toa turubai. Ukifunika tena weka mti juu kama paa la kibanda, turubai likae mbali na mbao, omo na tezi pawe wazi upepo upite. Makuti yalifanya kazi hiyo vizuri, yanapumua.

#8 Fundi_Nungwi

Huyu binti kasema jambo ambalo babu yangu alilisema kwa maneno mengine. Alikuwa akimwaga ndoo za maji ya bahari ndani ya mashua kila baada ya mvua kubwa, halafu anayakumba yote nje. Tulimwona anajichosha. Kumbe alikuwa anafukuza maji ya mvua kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo.

Na mjukuu, mto umekusaidia upande mmoja na kukuumiza upande mwingine. Yule mdudu anayetoboa mbao chini ya maji ni wa chumvi, maji matamu humwua. Chombo kilicholala mtoni ndani, masika yote mto ukishuka mwekundu, huwa kizima chini. Ubovu wako utakuwa juu: kitako, mwashiri, vichwa vya mataruma, na sehemu ya juu ya fashini, lile gogo la wima mwishoni mwa chombo. Anza huko.

#9 Kijana_Kilifi

Samahani mleta mada, naingiza swali la karibu. Nina boti ya fibaglasi ya miaka ya 1970 aliniachia mwajiri wangu Mzungu alipohama, iko kwenye hori la Kilifi. Mlingoti wa alumini, waya za chuma. Nao ung'olewe?

#10 Roda_na_Waya

Kijana, nimefanya kazi ya yoti Mombasa na Kilifi miaka 17, nikujibu mimi.

Ndiyo, ung'olewe, hasa kama hujui waya ziliwekwa lini. Waya zilizopita miaka 10 mpaka 15 huwezi kuziamini kwa kuzitazama tu. Hukatikia ndani ya kile kikonyo cha chuma kinachoshika ncha ya waya, ambako jicho halifiki. Ukiona uzi mmoja tu umechomoza, au mstari wa kutu kwenye kikonyo, badilisha seti nzima.

Huo wa alumini unataka winchi ya kweli, usijaribu nguzo. Kabla winchi haijaja, piga picha kila kiungo na funga tepu kwenye nyuzi za skurubu za kukazia ujue zilikuwa zimekaza kiasi gani. Tenganisha nyaya za umeme za taa na redio chini ya mlingoti. Nimeona mlingoti umeinuliwa na nyaya zikiwa bado zimeshika, zikang'oa dari. Legeza waya lakini usitoe hata moja mpaka winchi imeushika uzito. Mkanda wa winchi uwe juu ya kiini cha uzito, chini ya zile mbavu za pembeni zinazotanua waya.

Na wiki nzima kabla ya siku hiyo tia mafuta ya kulegeza kwenye kila skurubu. Chuma cha pua na alumini vikikaa pamoja kwenye chumvi, alumini huliwa ikawa unga mweupe, na skurubu inakuwa kama imechomelewa. Wakati wa kurudisha paka grisi nzito katikati.

Mwisho, kama kwenye boti yako mlingoti umesimama juu ya dari, chini ya dari kuna nguzo inayobeba mzigo. Ukikuta dari imebonyea hapo, kuna mbao zimelowa katikati ya fibaglasi mbili. Gonga kwa kishikio cha bisibisi usikie.

#11 Kijana_Kilifi

Asante sana kaka. Dari imebonyea. Nitafungua uzi wangu.

#12 Mjukuu_wa_Nahodha

MREJESHO.

Mlingoti umetoka salama jana Jumapili. Tulikuwa watu 11. Chombo tulikipandisha Ijumaa jioni kwenye bamvua, tukakiegemeza kwa miti 6. Nguzo tuliazima kwa mwenye nyumba anayejenga. Mzee wa Kilwa ulisema kweli, kwetu mlingoti umefungwa ubavuni kwa kamba, hakuna tundu. Kuulaza kulichukua dakika 10. Maandalizi yalichukua siku nzima.

Nilikwenda kupiga alama ya patasi kama alivyoagiza fundi. Nikafuta uchafu usawa wa boriti. Alama ipo tayari. Mstari mmoja mrefu unaotazama omo, na pembeni yake vijistari vitatu vidogo. Mama anasema babu alikuwa akiuvua mlingoti kila baada ya misimu kadhaa, na vijistari ni mara alizouvua. Nilikaa pale kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa hali yenyewe. Kitako kimeoza. Kwa nje kinaonekana kizima, lakini kisu kimezama mpaka kwenye mpini. Urefu wa ubovu kama sentimita 25, baada ya hapo mti unakuwa mgumu. Mwashiri nao umekuwa kama keki, nimetoa vipande kwa vidole. Mstamu (gogo la uti wa chombo) chini yake nimegonga kwa nyundo, unalia vizuri. Mataruma mawili, kulia kwa mlingoti, vichwa vimelegea. Chini ya maji kweli pazima, nimechoma kisu sehemu zaidi ya 40, sikupata tundu la mdudu.

Misumari inatoa machozi ya kutu kwenye mbao za juu.

Mnashauri nini? Ninunue mlingoti mpya?

#13 Baharia_Mstaafu

Mlingoti mpya wa nini? Mti uliokaa tangu 1988 ukiwa mzima juu, wewe unautupa? Kata kitako.

#14 Fundi_Nungwi

Baharia kasema sawa. Kata kwa msumeno mpaka ukute mti msafi, halafu ongeza upana wa kiganja kimoja, maana ubovu huwa na mizizi usiyoiona. Tuseme umepoteza sentimita 35. Una njia mbili. Ya kwanza, chonga kitako kipya na ukubali mlingoti mfupi. Kwa futi 22 hutaona tofauti kubwa, foromali itashuka kidogo, utakaza dasi ya chini (kamba ya pindo la tanga) na kusogeza joshi, upande wa mbele wa tanga. Ya pili, mwashiri mpya ufanye mnene zaidi ili kurudisha urefu. Mimi napenda ya pili ikiwa una gogo zuri la mvule au mbambakofi, kwa sababu pia inainua kitako mbali na maji ya ngama.

Lakini usichonge mwashiri kama ule wa kwanza. Tundu la kitako litoboe mifereji miwili, kulia na kushoto, ipasue mpaka nje, upana wa kidole gumba. Maji yakiingia yatoke. Ndani ya tundu paka mafuta ya nazi ya moto mpaka mti ukatae kunywa, na mwisho wa kitako vilevile, mara tatu kwa siku tatu. Sifa, yaani mafuta ya papa, ni bora zaidi ukiipata, ila siku hizi papa wamekuwa adimu nami sitaki tena kuwamaliza kwa ajili yake.

Mataruma mawili, hayo usiyatoe. Weka pacha ubavuni, taruma jipya linalovuka sehemu mbovu kwa urefu wa mkono mzima kila upande, likamatwe kwa misumari inayopita mpaka upande wa pili na kukunjwa.

#15 Pemba_Magharibi

Mimi ningemimina gundi ya ipoksi kwenye ule ubovu, inagandisha mti unakuwa kama jiwe. Marafiki Mombasa wanafanya.

#16 Binti_Mbao

Ipoksi ni nzuri kwenye mbao kavu kabisa, na kwenye chombo kilichojengwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Kwenye mti wa miaka yote hii uliolowa ndani, unafungia unyevu. Juu panakuwa jiwe, chini ukungu unaendelea kula bila wewe kuuona. Na mashua hizi zimejengwa ziwe zinatanuka na kunywea. Zinapumua. Ukizifunga ngozi ngumu, ngozi hupasuka.

Ndiyo sababu hiyohiyo siwapendi wanaopaka oili chafu ya injini ndani ya chombo. Rangi haishiki tena, pamba ya kalafati, ya kuzibia mianya, haishiki, na siku ya jua inanuka mpaka samaki nao wananuka vilevile.

#17 Pemba_Magharibi

Nimekuelewa dada. Sikuwa nimelifikiria la kupumua.

#18 Mzee_wa_Kilwa

Misumari. Usipige mpya kwenye tundu la zamani wala kwenye mshipa uleule wa mti, ubao utapasuka kwa urefu. Sogea vidole viwili, juu au chini ya mstari. Toboa kwanza kwa keekee, tundu jembamba kuliko msumari. Zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa, piga, kichwa kizame ndani ya ubao, juu yake ziba kwa chokaa na mafuta. Msumari uliozungushiwa pamba nimeung'oa mimi mwenyewe ukiwa bado mweusi na mzima, wakati mwenzake wa kando umebaki kama sindano.

Na usichanganye. Kama chombo ni cha chuma, endelea na chuma kilichopakwa zinki. Mtu akikuletea skurubu za shaba akakwambia haziozi, kweli haziozi, zinaozesha jirani.

#19 Mjukuu_wa_Nahodha

Naandika yote kwenye daftari. Kuhusu kalafati: pamba ya zamani imekauka, mianya ya juu ya maji inaingia shilingi. Nitoe yote?

#20 Fundi_Nungwi

Toa iliyokufa, acha iliyo hai. Chokoa kwa ndoano. Ikitoka kama vumbi imekufa. Ikikataa, ikatoka kama kamba yenye mafuta, iache ilivyo.

Mianya imefunguka kwa sababu mbao zimekauka juani. Kosa la wageni ni kushindilia pamba kwa nguvu mpaka mwanya ujae. Chombo kikirudi majini mbao zinatanuka, pamba haina pa kwenda, inasukuma mbao na kung'oa misumari. Nimeona taruma limevunjika hivyo. Sokota pamba na mafuta, unene wa kalamu, iingize kwa patasi butu na nyundo ya mti, mapigo mepesi, usikilize. Patasi ikibadilisha sauti kutoka bubu kuwa kali, acha.

Kisha deheni, yaani chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama), sehemu inayozama majini, paka kwa mkono. Mkono unajua mahali palipobaki wazi, brashi haijui.

#21 Mzee_wa_Kilwa

Kabla ya deheni achome. Makuti makavu, chini ya tumbo lote.

#22 Binti_Mbao

Mzee wangu, kwa heshima, mdudu hana. Mwenyewe kasema. Na hapo kuna pamba mpya yenye mafuta.

#23 Mzee_wa_Kilwa

Mwanangu, kuchoma si kwa mdudu peke yake. Kunakausha ubao, kunaondoa makombe na ukoga wa majani, na ubao wa moto hunywa deheni vizuri zaidi. Ila sharti ni moja, moto uwe wa kulamba si wa kula. Watu wawili wenye makuti juu ya mti mrefu, wanatembea, hawasimami. Ukiweza kuhesabu mpaka tano moto ukiwa mahali pamoja, umechelewa. Na kuchoma kuje kabla ya kalafati, sio baada. Hapo nilikosea mpangilio, umenisahihisha.

#24 Binti_Mbao

Kwa mpangilio huo nakubali kabisa. Asante baba.

#25 Mwana_wa_Sur

Nawasoma kutoka Oman. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, familia yetu iko Sur, mji uliojenga vyombo vikubwa vilivyokuja kwenu kila kaskazi. Hapa wameiweka Fatah al-Khair, ghanja (aina ya jahazi) kubwa, nchi kavu, watu waje waione. Ni fahari ya mji. Lakini kila nikipita namtazama kama mtu aliyestaafu kwa lazima. Chombo cha mbao nchi kavu kinanywea, mianya inafunguka, kinataka kuhudumiwa zaidi kuliko kikiwa majini.

Mjukuu, usikiache pwani zaidi ya hizo siku. Kama kazi haijaisha, mwagia maji ya bahari asubuhi na jioni, funika mbavu kwa magunia yaliyolowa chumvi. Na kirudi kufanya kazi.

#26 Mjukuu_wa_Nahodha

Siku 12 hazikutosha. Tumeongeza bamvua moja, nikawa namwagia maji ya bahari kama alivyosema ndugu wa Sur, ndoo 30 asubuhi na 30 jioni. Watoto wa jirani wamenisaidia sana, kwao ilikuwa mchezo.

Mwashiri mpya ni wa mbambakofi, gogo tulilipata kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa, boriti ya mlango. Ilimaliza misumeno miwili. Mifereji ipo. Nimejaribu kwa kumwaga kikombe cha maji juu, kimetoka chote kwa pumzi moja. Kitako kimekatwa sentimita 33, kimekunywa mafuta ya nazi siku tatu. Mataruma pacha yameingia. Kalafati tumefanya na fundi wa hapa, mzee wa miaka 70 na kitu aliyewahi kufanya kazi na babu. Alipoona natia pamba kwa nguvu alinipokonya nyundo bila kusema neno akanionyesha.

Mlingoti umesimama jana, ile alama ya babu inatazama omo.

#27 Baharia_Mstaafu

Hongera sana mwanangu. Kabla hujapakia mtu, peleka kwenye ukaguzi wa TASAC, shirika la meli, na mara ya kwanza toka bila abiria, farumi (uzito wa kutuliza chombo) nusu, tanga dogo. Mlingoti wenye kitako kipya kwenye mwashiri mpya hujikalisha. Baada ya siku mbili za upepo utakuta kabari zimelegea. Zigonge tena.

#28 Fundi_Nungwi

Na pale mlingoti unapokutana na boriti, vika kitambaa kizito chenye deheni kama kola, kipinduliwe chini kama mdomo wa mwavuli. Maji ya mvua yatadondoka nje ya mwashiri. Kitambaa kibadilishwe kila masika.

#29 Mjukuu_wa_Nahodha

Kola imewekwa, nimetumia kipande cha tanga la zamani.

Tumeishusha majini juzi, bamvua la mwezi mpevu. Kama mlivyonionya, ilivuja. Usiku wa kwanza nililala ndani nikakumba ndoo 46. Usiku wa pili 17. Leo asubuhi nimekuta maji chini ya nusu ndoo, nayo nimeyaonja. Ya chumvi.

Fundi, swali moja tu lililobaki: foromali yangu ni vipande viwili vilivyoungwa kwa kamba katikati, kamba za makumbi za babu, zimechakaa. Nikifunga kwa nailoni, zinateleza kwenye mti. Wewe hutumia nini, na mizunguko mingapi?

#30 Fundi_Nungwi

Makumbi, palepale. Yaloweshe chumvi usiku mzima, funga yakiwa mabichi, mizunguko 12 kwa mafungu matatu, kabari nyembamba chini ya kila fungu. Yakikauka yatabana yenyewe. Nitumie picha ya kiungo kabla hujaipandisha.